Fundi Saa Aliyetaka Kuona Mlango

Mimi ni keshia. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti kirefu mlangoni mwa duka kubwa na kupokea hela za watu nisiowajua, na kila noti kubwa naiinua kwenye taa kabla ya kuitia kwenye droo. Mwenye noti akinuna, anune. Tabia hiyo haikubaki kazini. Hata nyumbani, mtu akinichekea sana namtazama kama noti mpya. Nalisema hili mapema ili nisije nikaulizwa mbona nilimshuku kila mtu katika habari hii. Nililipwa kushuku, na muda uliobaki nilishuku bure.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi saa. Ufundi aliurithi kwa baba yake pamoja na chumba cha kazi, kidogo, kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vifaa vya shule. Mna meza ya kazi iliyotazama mlango, kaunta yenye kabati la vioo ambamo saa zilizokwisha tengenezwa husubiri wenyewe, benchi la wateja, na saa za ukutani ambazo hakuna mbili zinazokubaliana. Nyuma kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna bomba la maji na ndoo.

Mtaa mzima unamwita Chupa, kwa sababu ya miwani. Ameivaa tangu utotoni na kila mwaka imekuwa ikinenepa, mpaka macho yake ukiyatazama kutoka mbele yanaonekana madogo na ya mbali. Akiivua, hawezi kukutambua ukiwa umesimama upande wa pili wa kaunta. Lakini kitu kikiwa karibu na pua yake, hapo ndipo watu wanapomheshimu. Mafundi wenzake hujibandika kioo cha kukuza jichoni. Yeye huvua miwani, akaiweka mezani, akainua saa mpaka usoni kana kwamba anainusa, na skrubu ambayo mimi naiona kama chembe ya vumbi yeye anakwambia imelika upande gani. Wateja wageni humtania. "Mama, saa yangu inanuka?" Naye huwajibu, "Inanuka uzembe wa mwenyewe."

Ubaya wa ufundi huo ni kwamba akiwa kazini, zaidi ya urefu wa mkono wake dunia imekwisha. Aliwahi kuniambia watu kwake huwa rangi tu. "Wewe leo ni kijani," alisema. Anawajua kwa sauti na kwa nyayo, na anayeingia bila kusema neno huwa kivuli.

Sasa ilitokea saa ikapotea. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu, aliyopewa na marehemu mkewe, na wifi alikuwa ameimaliza na kuiweka kabatini. Mwalimu alipokuja kuichukua haikuwepo. Wifi alivaa miwani akatafuta kabatini, mezani, sakafuni, ndani ya ndoo. Mwalimu hakugomba. Alikaa kwenye benchi akamwomba atazame tena, na muda wote alikuwa akijishika kifundo cha mkono mahali saa ilipozoea kukaa. Mwishowe wifi alifungua mkoba wake akatoa saa ya baba yake, ile aliyokuwa akivaa mzee mpaka siku ya mwisho, akampa. Mwalimu alipoondoka, wifi alilia. Kisha akaniambia kwamba hiyo haikuwa ya kwanza. Kuna nyingine alidhani kaziweka pabaya mwenyewe.

Nikaanza kazi yangu. Nilimshuku kinyozi, kwa sababu kila mara anaingia kuuliza saa ilhali ukutani kwake ana saa inayotembea vizuri kuliko hizi zetu. Nilimshuku mwenye duka la vifaa vya shule kwa upole wake. Nilimshuku hata mwalimu mstaafu, maana saa ya baba wa wifi ilikuwa nzuri kuliko yake. Kaka ndiye aliyesikitika kuliko wote. Yeye ni mtunza ghala, na mchana hupita dukani kula na mkewe. Alishika tama, akasema, "Labda ulimpa mteja mwingine kwa makosa, mke wangu. Ukiwa huna miwani hujui uko na nani."

Maneno hayo yalimchoma wifi kuliko ule wizi. Baada ya hapo alikuwa akifanya kazi huku anashtuka. Skrubu mbili akivua miwani, skrubu moja akiivaa, anatazama mlango, anaivua tena. Saa ya kutengenezwa asubuhi ikawa inafika jioni. Siku moja nilimkuta ameacha kazi kabisa, amekaa na miwani usoni, anawatazama wapita njia.

"Nataka kufanyiwa leza ya macho," akasema.

Alikuwa ameona tangazo, picha ya mwanamke anayerusha miwani hewani. Nikamwambia mwanamke huyo amelipwa kucheka.

"Acheke asicheke," wifi akasema. "Mimi nataka nikiinua uso niuone mlango. Basi. Sitaki urembo."

Basi kila mtu akawa daktari. Kinyozi alikuwa na binamu ambaye alifanyiwa na tangu siku hiyo taa za barabarani anaziona zimeota manyoya. Nilipombana kinyozi, binamu akageuka kuwa rafiki wa binamu. Mwenye duka la vifaa vya shule alisema wanalikata jicho kama kifuniko, wanalifunua, halafu wanalifunika tena, na nikadhani anatia chumvi. Kaka alikataa katakata. "Jicho si saa," alimwambia mkewe. "Huwezi kulifungua ukaharibu ukaagiza kipuri." Nilimpenda kaka kwa maneno yale. Nilisema moyoni, huyu anamjali mkewe.

Lakini wifi akishaamua jambo, ni kama umemwekea springi mpya. Alipanga kwenda kupimwa bila kumwambia mumewe, akaniomba nimsindikize.

Ile kliniki ilikuwa na viti laini, hewa ya baridi, na mtungi wa maji ya kunywa wa bure. Mahali pa tiba panapokukirimu kabla hujaugua, machale hunicheza. Ukutani kulikuwa na picha za watu wasio na miwani, wote meno nje. Hakuna hata mmoja aliyeonekana kuwa na deni wala mtoto mgonjwa.

Kabla hatujaitwa, wifi akaninong'oneza. "Wakiniuliza kazi yangu, mimi nauza mitumba."

"Kwa nini?"

"Wakisikia fundi saa watadhani nalalia dhahabu. Bei itapaa."

Niliona hiyo ni akili. Nikamwambia hata mimi nikiulizwa nitasema tunauza pamoja.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, na kitu cha kwanza nilichokiona usoni pake ni miwani. Nikampiga wifi teke chini ya kiti. Mwenye duka la dawa ya kuotesha nywele, yeye mwenyewe kipara.

Alimpima wifi kwa mashine za kila namna. Ya kuweka kidevu, ya kupuliza upepo, ya kutazama nukta nyekundu. Kisha akauliza maswali. Macho hukauka? Namba za miwani zimebadilika karibuni? Una kisukari? Kazi yako ni nini?

"Nauza mitumba," wifi akasema bila kupepesa.

Daktari akampa kadi yenye maandishi madogo. Wifi akavua miwani, akaisogeza kadi puani, akaisoma mpaka jina la aliyeichapa pale chini. Daktari alimtazama kidogo.

"Huwa unavua miwani kutazama vitu vya karibu?"

"Mara mojamoja."

"Mara mojamoja, au kila siku?"

"Mazoea tu, daktari."

Daktari akaanza kueleza kwamba mtu akishapita miaka arobaini, kuna lenzi ndani ya jicho ambayo huanza kukakamaa, na kwamba leza hairekebishi hiyo, leza inachonga kioo cha mbele cha jicho ili mtu aone mbali. Alieleza taratibu. Lakini wifi alikuwa amekwisha mpa masikio ya mnunuzi, yale ambayo kila neno la muuzaji huingia likiwa limepunguzwa nusu. Nami nilikuwa nasubiri zamu yangu.

"Samahani, daktari," nikasema. "Kama jambo lenyewe ni zuri, mbona wewe umevaa miwani?"

Hakukasirika. "Nilipimwa kwenye mashine hiyohiyo," akasema. "Kioo changu cha mbele ni chembamba, hakifai kuchongwa. Nilikataliwa. Karibu kila siku kuna mtu ninayemkataa hapa."

Jibu lilikuwa zuri mno. Nikalishuku pia.

Kioo cha wifi kilikuwa kinene cha kutosha. Mashine zote zilimkubali. Lakini daktari hakumpangia siku. Alitoa vikontena viwili vidogo vyenye lenzi za kuvaa ndani ya jicho. "Sipendi mtu aamue kabla ya kuonja," akasema. "Vaa hizi siku chache. Ishi kama unavyoishi. Utakavyoona ukiwa nazo ndivyo utakavyoona nikimaliza kazi yangu. Ukipenda, rudi. Usipopenda, rudi pia tuzungumze." Akamfundisha kuzivaa na kuzivua, na wifi kwa vidole vyake vya kushika springi alishika somo mara moja.

Tulipotoka nje nilifikiri atadondoka. Alisimama kwenye ngazi akatazama huku na huku, miwani ikiwa mkobani. Halafu akanigeukia, akanitazama kifuani.

"Kumbe blauzi yako ina maua."

"Ndiyo ileile ya kijani."

"Miaka yote naijua ya kijani tu, maana hata chupa zangu hunionyesha vitu vidogo," akasema, na akacheka kama msichana. Njia nzima alisoma. Alisoma vibao, namba za milango, maandishi ya kwenye mifuko ya watu. Dukani kwake aliingia akatazama juu, akauliza ukuta umepasuka tangu lini. Alipoketi mezani akauona mlango, na ng'ambo ya barabara, na, katika kioo cha jengo la mbele, taswira ya mtu aliyekuwa akinyolewa kwa kinyozi wetu. Nilikiri moyoni kwamba nilikuwa nimewakosea wale watu wa kliniki. Furaha yake ilinifurahisha, na hilo silifichi.

Kisha akachukua saa. Ilikuwa ya kike, ndogo, imekwisha funguliwa mgongo. Akashika koleo lake dogo, akainua saa puani kama siku zote.

Akaiondoa, akaifuta, akairudisha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka dirishani.

"Wifi," akasema, "wameniharibu."

"Wamefanya nini?"

"Sioni kitu. Ni ukungu. Meno ya gurudumu siyaoni, skrubu sizioni. Hata mishale imekuwa kama unyoya." Akaliweka koleo mezani. "Hii ndiyo kazi yangu. Sijui nyingine."

Nilishikwa na hasira. Viti laini vile, maji yale ya bure. Nilisimama nichukue mkoba wangu twende tukawarudishie vitu vyao na maneno juu yake. Hapo tukasikia sauti ya kaka nje, akimsalimia kinyozi.

"Nenda nyuma," wifi akaninong'oneza. "Akikukuta saa hizi atauliza mbona hukwenda kazini, na mimi sijui kumdanganya."

Nikaingia nyuma ya pazia, nikasimama kando ya ndoo. Pazia lina mpasuko, na mimi nikiona mpasuko lazima nichungulie. Wifi alikuwa amechukua miwani yake mkobani akaiweka mezani kama kawaida, akainua saa puani, koleo mkononi. Mtu yeyote angesema anafanya kazi. Lakini ilikuwa maigizo tu, maana ile saa alikuwa haioni. Alichokuwa anakiona ni kila kitu kingine.

Kaka aliingia, akasalimia, akaulizia chakula. Akalalamika joto. Akauliza ile saa ni ya nani, mkewe akamjibu. Akawa anazungumza habari za msimamizi wake ghalani, sauti ileile ya siku zote, akizunguka taratibu kaunta. Na huku anazungumza, akafungua mlango wa kabati kwa kidole kimoja, akachukua saa ya pili kutoka mwisho, akaitia mfuko wa suruali, akaufunga mlango. Hakuvunja hata sentensi. Alikuwa akisema, "Na yule msimamizi hana shukrani hata kidogo."

Nilimtazama wifi. Koleo lilisimama. Kisha likaendelea kutembea hewani, likitafuta skrubu ambayo hakuiona.

"Utachelewa kazini," akamwambia.

"Kweli. Jioni, mke wangu."

Nilitoka nyuma ya pazia. Mimi ni dada wa mtu yule, tumenyonya ziwa moja. Kichwani nilikuwa nimeanza kumtafutia sababu: labda anaipeleka kwa mwenyewe, labda ni yake.

"Umeona?" wifi akauliza.

"Nimeona."

"Nilidhani nitamwona kinyozi," akasema. Akazivua zile lenzi, moja baada ya nyingine, akavaa chupa zake, akakaa akiutazama mkeka wa mezani. Siku ile hakutengeneza kitu.

Mimi sikulala vizuri, na asubuhi, kwa sababu ya kazi yangu ya kuinua noti kwenye taa, nilipita njia ya ghalani. Lango lilikuwa na kufuli lenye kutu. Mlinzi wa jirani akaniambia pale palifungwa zamani, wafanyakazi wote walipunguzwa. Kaka alikuwa akioga kila asubuhi, akivaa shati la kazi, akitoka. Na kila mwisho wa mwezi alikuwa akimkabidhi mkewe hela za matumizi, na mkewe akishukuru. Nilimweleza wifi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ananilipa kwa saa zangu," akasema.

Siku hiyohiyo tulirudi kliniki. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini wifi alikaa kitini akasema, "Daktari, mimi siuzi mitumba. Ni fundi saa. Nafanya kazi bila miwani, kitu nakiweka hapa." Akaonyesha pua yake.

Daktari alivua miwani yake akaiweka mezani, akajisugua macho. "Kwa nini hukuniambia, mama? Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote niliyokuuliza."

"Niliogopa utanipandishia bei."

Daktari akaanza upya. Alisema jicho la wifi limezaliwa na kipimo chake cha karibu, na ndiyo maana anaona kile ambacho wengine wanahitaji kioo kukiona. Leza ikimpa mlango, itachukua hicho cha karibu, na kwa umri wake hakitarudi. Hakuna aliyemharibu. Zile lenzi zilimwonyesha ukweli tu. Kuna watu hufanyiwa jicho moja la mbali na jingine likaachwa la karibu, lakini kwa namba kubwa kama zake macho mawili yangegombana, angeishi na kizunguzungu. "Ukitaka mlango, naweza kukupa mlango," akasema. "Utafanya kazi kwa kioo cha kukuza kama mafundi wenzako, na kusoma utavaa miwani. Utazoea, wengi wanazoea. Ila usinunue ukidhani hakuna kitakachoondoka."

"Kwa hiyo nilipe ili niondolewe ninachokipata bure, halafu nikanunue kingine badala yake."

"Kwako wewe, ndiyo. Kwa mtu mwingine ningesema tofauti. Dereva angekuja na namba hizihizi, ningemsukuma aingie."

Nilimtazama yule daktari kwa makini. Mtu aliyeajiriwa kuuza alikuwa amekataa kuuza, na hilo ndilo jambo pekee katika mwezi ule ambalo sikupata pa kulishuku. Wifi naye alikuwa anafikiri. Vidole vyake vilikuwa vikikaza kitu kisichokuwepo.

"Mlango sina haja nao tena," akasema. "Lakini nisaidie jambo moja. Mnatengeneza miwani myeusi, ile ya jua, yenye namba zangu?"

Daktari alisema inawezekana. Hakuelewa, nami sikuelewa, mpaka tulipofika barabarani.

"Nitamwambia nimefanyiwa," wifi akasema. "Nitamwambia wameniagiza nivae miwani myeusi nje na nyumbani kukinga mwanga, dukani nivue. Dukani nitakaa kama ninavyokaa siku zote."

"Na hutaona kitu."

"Sioni. Ila yeye hatajua."

Nilimuuliza kwa nini asimwambie tu mumewe kwamba amemwona. Alisimama pale kando ya barabara, magari yakipita.

"Nikimwambia nimemwona, mmoja wetu itabidi aondoke nyumbani. Mimi sitaki kuondoka, na sitaki aondoke. Naona aibu kwa ajili yake, wifi, na bado nampenda, na nimekasirika. Nataka aache. Nataka aache mwenyewe, halafu siku moja aniambie mwenyewe habari ya ghala. Nitangoja." Akaniangalia. "Na wewe ni dada yake. Ukitaka kwenda kumwambia, njia ni ile."

Sikwenda.

Kaka alipoambiwa kwamba mkewe amefanyiwa leza, hakuuliza kama iliuma. Aliuliza, "Sasa unaona mpaka wapi?"

"Mpaka ng'ambo ya barabara," wifi akasema, na miwani yake myeusi usoni.

Siku chache baadaye alinivizia nikitoka zamu. Alinibebea mkoba, jambo ambalo halijatokea tangu tukiwa shule. Tulitembea kidogo, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua.

"Hivi kweli anaona, dada? Akiwa pale mezani, bila miwani?"

Maisha yangu yote nimekuwa nikiwashika watu wakidanganya. Uongo wangu mwenyewe nilikuwa sijaujaribu.

"Jana kaniambia kuna mtu ng'ambo mshono wa shati lake umefumuka begani," nikasema. "Nikaenda kutazama. Umefumuka kweli."

Kaka akanirudishia mkoba wangu.

Tangu hapo hakuna saa iliyopotea. Lakini kaka hakutulia. Siku moja mchana nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja, wifi ameinamia saa ya mfukoni, uso umezama, miwani mezani. Mlango ukafunikwa na mtu. Alikuwa kaka, na hakusalimia. Alisimama kizingitini, akainua mkono wake wa kulia taratibu mpaka juu ya kichwa, akauacha huko. Alinitazama kwa jicho la kuniziba mdomo, kisha akamtazama mkewe. Nilitamani kukohoa ili wifi ajue, nikajizuia. Wifi aligeuza saa, akapuliza ndani yake, akakaza kitu. Saa za ukutani zilikuwa zinagonga kila moja kwa wakati wake.

"Shusha mkono, mume wangu," wifi akasema bila kuinua uso. "Ingia, chakula kinapoa."

Mkono ukashuka. Kaka akaingia, akala, akazungumza habari za joto. Muda wote alikaa mbali na kaunta, viganja vyake amevilaza juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha. Habari za msimamizi hakuzitaja. Alipomaliza aliosha sahani, akaaga, akaenda zake.

Nilisubiri mpaka nyayo zake zilipopita kwa kinyozi.

"Ulimwona?" nikauliza.

"Niliona kitu cheusi mlangoni."

"Na mkono?"

"Mkono nilibahatisha. Nilijua lazima ananifanyia kitu ili aone kama nitashtuka, na mtu akitaka kumjaribu kipofu huinua mkono." Aliiweka saa mezani, akatafuta miwani yake kwa kupapasa, akaipata. "Mteja husalimia, wifi. Mwizi wa kupita hasimami. Anayesimama mlangoni kimya anataka kujua kama namwona, na mtaa mzima huu mwenye haja ya kujua hilo ni mmoja."

Nilitaka kumtetea kaka yangu. Badala yake nilimsogezea koleo lake.